Je, Wajua? Ufa Upo, Pesa Haipo

Kiangazi kikiingia, kila anayeshika Barabara ya Taifa namba 27 kuelekea Mahagi anajua malori yatamgawia nini: vumbi kwanza, kisha jiwe. Safu ya leo ni ya mwenye Noah, Probox au RAV4 hapa Bunia ambaye parabrizi yake imepata ufa na mfuko wake umekauka. Usikimbilie kununua kioo. Soma kwanza.

Je, wajua kwamba kioo cha mbele ni vioo viwili? Kila kimoja kina unene wa milimita 2 hivi, na katikati yao kuna utando wa plastiki iitwayo PVB, kwa kawaida milimita 0.76. Jiwe likigonga, mara nyingi huvunja kioo cha nje tu. Cha ndani hubaki kizima. Pima mwenyewe: pitisha ukucha juu ya ufa kwa nje, kisha rudia kwa ndani. Ukikwama nje na kuteleza ndani, bado una muda wa kutafuta pesa. Ukikwama pande zote mbili, huna.

Je, wajua kwamba utando huo una asili ya ajali ya maabara? Mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus alisimulia kuwa mwaka 1903 aliangusha chupa ya kioo, ikapasuka lakini vipande havikutawanyika, kwa sababu nitrati ya selulosi ilikuwa imekauka ndani yake na kuacha ngozi nyembamba. Mwaka 1909 akaomba hataza. Kabla ya kuenea kwenye magari, kioo chake kilitumika kwenye vinyago vya kujikinga na gesi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ford walikiweka kwenye parabrizi ya Model A, iliyotoka mwishoni mwa 1927. Selulosi ilikuwa na kasoro moja: jua liliigeuza njano. Ndiyo maana PVB ikachukua nafasi yake kuanzia miaka ya 1930.

Je, wajua kwamba ni mwaka huohuo wa 1903, tarehe 10 Novemba, Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipopewa hataza ya wipa? Kampuni hazikuitaka.

Je, wajua kwamba maji huusukuma ufa? Wataalamu wa vioo wamelijua hili kwa miongo mingi: molekuli za maji hupenya hadi kwenye ncha ya ufa na kulegeza viungo vya silika na oksijeni vinavyoshikilia kioo. Ufa uliolala wiki nzima ukiwa mkavu unaweza kutembea usiku mmoja wa mvua. Kwa hiyo matibabu ya kwanza hayana gharama ya kutisha: futa alama ya jiwe kwa kitambaa kikavu, kisha ibandike selotepu nyeupe inayopitisha mwanga, palepale barabarani. Unazuia maji na uchafu, na unamwachia fundi jeraha safi. Shofa anayepeleka gari lioshwe kwa maji ya presha siku ileile ya jiwe anajitafutia gharama.

Je, wajua kwamba hesabu ya jiwe si ya kujumlisha bali ya kuzidisha? Nguvu ya pigo huenda na kasi mara kasi. Ukishuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 40, jiwe lilelile lisilo na mwendo wake linagonga kwa robo ya nguvu ya awali. Na kasi inayohesabika ni yako pamoja na ya jiwe linalokujia. Unapopishana na Fuso, kanyaga breki kidogo. Katika misafara inayosindikizwa na wanajeshi, ambako magari hufuatana karibu karibu, nafasi ya kuachia ni ndogo, na hapo ndipo vioo vingi huumia. Ukiweza kuchagua, usikae nyuma ya lori lenye matairi mawili mawili, maana kokoto hunasa katikati yake na kurushwa nyuma.

Je, wajua kwamba kumwagia maji baridi kioo kilichoota jua la saa saba ni kuualika ufa ukue? Vivyo hivyo kuwasha kiyoyozi kwa nguvu zote kikipuliza juu ya kioo cha moto. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari: usiku una ubaridi, mchana jua linachoma, na kioo chenye ufa hutanuka na kunywea kila siku bila kupumzika.

Je, wajua kwamba alama ndogo ya jiwe hujazwa, haibadilishiwi kioo? Kazi hii ilianza kuwa biashara Marekani mapema katika miaka ya 1970. Fundi anafunga kifaa kidogo juu ya alama, anavuta hewa iliyomo, kisha anasukuma rezini nyepesi iingie hadi kwenye mikono ya ufa. Rezini hiyo hukaushwa na mionzi ya urujuanimno. Ulaya wanatumia taa maalumu. Sisi tuko nyuzi moja na nusu hivi kaskazini mwa ikweta: taa yetu iko juu, na haitozi. Lakini sikiliza utaratibu, maana hapa wengi huharibu. Gari likae kivulini wakati wa kusukuma rezini, vinginevyo jua litaigandisha kabla haijafika ndani. Ikishajaa, funika kwa karatasi ya plastiki inayokuja na kifaa, ndipo ulisogeze gari juani kwa robo saa hivi. Kwangu mimi kijifurushi cha rezini ndicho kitu cha kwanza ambacho madereva wa kituo kimoja cha teksi wangenunua kwa kuchangiana: bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kioo, na hakihitaji umeme.

Alama haitafutika kabisa. Itabaki kivuli. Unacholipia ni kuusimamisha ufa na kuirudishia sehemu ile nguvu.

Je, wajua kwamba si kila ufa unajazika? Kwa kawaida mafundi hukubali alama isiyozidi ukubwa wa sarafu na ufa usiozidi sentimita 15. Ufa uliogusa ukingo wa kioo ni mkaidi. Huko ndiko mkazo ulikojaa, na rezini mara nyingi haiushindi.

Je, wajua kwamba upande uliko ufa una uzito kuliko urefu wake? Ukaguzi wa magari wa Uingereza una kipimo ambacho unaweza kukiazima bure. Mbele ya dereva, chora akilini mkanda wenye upana wa milimita 290, kitovu chake kikiwa katikati ya usukani. Ndani ya mkanda huo, kasoro inayozidi milimita 10 inakataliwa. Kwingine kote ambako wipa inapita, kikomo ni milimita 40. Sasa kumbuka kwamba Kongo tunaendesha kulia, Uganda kushoto, na magari mengi ya Bunia yameingia kupitia huko yakiwa na usukani wa kulia. Ufa wa kulia ambao kwa jirani yako ni wa abiria, kwako ni wa dereva.

Je, wajua kwamba gundi ya papo kwa papo na rangi ya kucha si matengenezo? Zinaziba mdomo wa ufa tu. Tena zikishakauka humo, rezini haina pa kupita. Afadhali selotepu.

Je, wajua kwamba kioo cha mlangoni hakikatwi? Kimepashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani. Ukikikwaruza kwa almasi ukitaka kukipunguza, kinamwagika chote kuwa chembe. Hadi miaka ya 1970 na 1980 magari mengi ya Ulaya yalikuwa na kioo cha namna hiyo hata mbele, na jiwe moja lilitosha kukigeuza cheupe chote dereva asione kitu. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka parabrizi iliyovunjika bado imwachie dereva njia ya kuona. Akija mtu na kioo cha bei poa kilichoandikwa “Tempered” akadai kitakaa mbele, mrudishie.

Je, wajua kwamba kioo chenyewe kinajieleza? Angalia pembe ya chini. Kwenye magari ya Kijapani utakuta “Lamisafe” kwenye vioo vya mbele vya kampuni ya Asahi na “Temperlite” kwenye vya pembeni. Kwenye vilivyotengenezwa kwa soko la Ulaya kuna herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyotoa kibali: 1 Ujerumani, 2 Ufaransa, 6 Ubelgiji. Karibu nayo kuna 43R, namba ya kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya usalama. Kioo kisicho na alama yoyote ni kioo cha dirisha la nyumba mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo.

Hapohapo huwa kuna tarakimu ya mwaka. Unaponunua gari lililotumika, zunguka ukilinganisha alama za vioo vyote. Ikiwa cha mbele peke yake kina jina au mwaka tofauti, kimeshabadilishwa. Si kosa, ila inua raba ya ukingoni uangalie kutu.

Je, wajua kwamba namba ya kioo cha mbele cha Toyota huanza na 56101? Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari na gari. Kabla ya kumtuma mtu Kampala, piga picha kibati cha shasi kilichoandikwa modeli, tuma pamoja na picha ya kioo cha zamani: kina sehemu ya kioo cha ndani cha kuangalia nyuma, kina utepe wa kivuli juu, kina kamera? “Noah nyeupe” si maelezo. Magari mapya zaidi ya Toyota, kuanzia mwaka 2015 hivi, yameanza kuja na kamera nyuma ya parabrizi, na hiyo huhitaji kupimwa upya kioo kikibadilishwa. Gari la zamani lina raha zake.

Je, wajua kwamba kioo cha Kichina si lazima kiwe takataka? Fuyao, kampuni iliyoanzishwa Fujian mwaka 1987 na Cao Dewang, inatengenezea vioo makampuni makubwa ya magari duniani, na kiwanda chake cha Ohio ndicho kilichoonyeshwa katika filamu “American Factory”, iliyoshinda Oscar mwaka 2020. Kwa mfuko wetu, kioo kipya cha Kichina chenye alama za kibali mara nyingi ni chaguo la akili kuliko kile cha asili kilichokwanguliwa na wipa kwa miaka kumi.

Je, wajua namna ya kukagua kioo cha okazi? Kisekka, soko la vipuri la Kampala, limelisha magereji ya Ituri miaka mingi, na kioo kilichong’olewa kwenye gari lililogongwa nyuma kinaweza kuwa kizima kabisa. Kishike kikiwa kimesimama, ukielekeze kwenye jua la jioni likiwa chini, uangalie kwa mshazari. Mikwaruzo ya wipa ambayo mchana haionekani itang’aa yote, na ndiyo itakayokupofusha usiku ukikutana na taa za lori. Kisha pitisha kidole ukingoni pande zote nne, taratibu. Kioo huanza kufa kwa ukingoni. Kipande kidogo kilichobanduka huko wakati wa kung’olewa kitakuwa ufa kabla hujafika mpakani Goli. Mwisho tazama kama utando wa ndani umeanza kuweka ukungu mweupe pembeni: maji yameingia, achana nacho.

Je, wajua kwamba kioo husafiri kikiwa kimesimama? Kikilazwa, uzito wa mizigo na mashimo ya barabara hukikunja mpaka kinavunjika. Kisimamishwe katikati ya magodoro, ukingo wa chini ukiwa juu ya kitu laini. Na mkataba wenye hekima na mwenye lori ni huu: nusu ya nauli kabla, nusu kioo kikishapokelewa kizima Bunia. Atakayekataa masharti hayo amekwambia jinsi atakavyokibeba.

Noti ya dola iliyochanika kidogo inakataliwa sokoni. Parabrizi iliyochanika kutoka kona hadi kona inabeba abiria saba hadi Kasenyi. Tuendelee.

Je, wajua kwamba wenye Land Cruiser ya Series 70 na Land Rover Defender ya zamani wana bahati? Kioo chao hakigandishwi kwa gundi, kinashikwa na raba. Kukitoa na kukirudisha ni kazi ya watu wawili na kamba. Raba inavalishwa kioo kwanza, kamba ya mviringo inapitishwa ndani ya mdomo wa raba kuzunguka yote, maji ya sabuni yanapakwa, kioo kinawekwa kwa nje, na mtu wa ndani anavuta kamba taratibu huku wa nje akisukuma kwa viganja. Mdomo wa raba unapanda juu ya bati, hatua kwa hatua, mpaka umekaa. Toyota walianza kutoa Series 70 mwaka 1984 na mpango huu bado unafaa barabara zetu. Ukinunua kioo kwa gari hili, nunua na raba mpya ukiweza: ya zamani iliyokauka ndiyo inayovujisha mvua kwenye miguu ya abiria.

Na mwenye Defender hiyo ana bahati zaidi, kwa kuwa kioo chake ni bapa. Fundi vioo mwenye shiti ya kioo cha tabaka anaweza kukukatia. Anakwaruza pande zote mbili, anavunja pande zote mbili, kisha anamwaga spiriti kidogo kwenye mstari na kuiwasha ili utando ulainike, ndipo anaupitishia wembe. Kwa Corolla yenye kioo kilichopinda, ujanja huo haufui dafu.

Je, wajua kwamba kioo kilichogandishwa hutolewa kwa waya? Waya mwembamba wa chuma unapenyezwa kwenye gundi, kila upande unashikwa na mtu mmoja, na wanakata kwa kuvutana. Bisibisi na nyundo humaliza haraka, lakini huacha mikwaruzo kwenye bati, na kila mkwaruzo ni kutu ya mvua zijazo. Kabla ya kuanza, bandua vinyeti na karatasi nyingine zilizogandishwa kwenye kioo. Zikiondoka nacho utajieleza kwa polisi wa rulaje.

Je, wajua kwamba gundi ina cheo kuliko kioo? Hapa nitasimama kidogo. Parabrizi ni sehemu ya mwili wa gari: gari likipinduka, inasaidia kushikilia paa; ajali ikitokea, mfuko wa hewa wa abiria hufumuka na kuegemea kioo ndipo umrudie abiria. Kioo kikiruka nje, mfuko hauna pa kuegemea. Kazi hiyo yote imebebwa na mstari wa gundi ya poliyurethani. Silikoni ya bafuni, ile inayonuka siki, haina nguvu hiyo. Harufu yenyewe ni asidi, na asidi inakula bati. Ninajua inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi na ninajua bei yake. Bado nasema: ukibakiwa na pesa kidogo, chukua kioo cha okazi na gundi mpya, si kinyume chake.

Soma tarehe kwenye tyubu. Gundi hii huishi mwaka mmoja hivi, wakati mwingine pungufu, na ile iliyopigwa jua dukani inaweza kufa mapema. Ibinye: ikiwa ngumu, iache.

Je, wajua kwamba gundi ya zamani haikwanguliwi yote? Fundi mzuri huacha safu nyembamba ya milimita 1 au 2 juu ya bati, mradi iwe imeshika vizuri. Gundi mpya hushika vema juu ya ile iliyokatwa punde, na prima, ile rangi ya msingi inayotangulia gundi, inahitajika tu pale bati lilipobaki uchi. Ni pesa iliyookolewa bila kuibia usalama.

Je, wajua kazi ya utepe mweusi unaozunguka kioo? Si pambo. Unaikinga gundi na jua, ambalo huiozesha. Kioo kilichokatwa mtaani bila utepe huo kinahitaji kupakwa prima nyeusi ukingoni.

Je, wajua kwamba bima ya lazima hailipi kioo chako? Ni bima ya dhima kwa watu wengine, na imekuwa lazima tangu 1973. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 iliruhusu kampuni nyingine kuingia soko lililokuwa la SONAS peke yake, kwa hiyo leo unaweza kuuliza bei ya nyongeza ya vioo zaidi ya mlango mmoja. Uliza kabla ya jiwe.

Je, wajua kwamba rezini hukauka kwa jua lakini gundi ya parabrizi hukauka kwa unyevu wa hewa? Inaganda kutoka nje kwenda ndani, takriban milimita 3 kwa saa 24, na kiangazi kikavu huichelewesha. Acha dirisha moja wazi kidogo, maana mlango ukifungwa kwa kishindo hewa ya ndani inakisukuma kioo. Usiuondoe utepe ambao fundi amebandika kukishikilia kioo kabla ya kesho yake. Na mwambie fundi akuandikie kwenye karatasi saa aliyokibandika pamoja na muda ulioandikwa kwenye tyubu. Kabla ya muda huo kutimia, tajiri wa mzigo akitaka uondoke kwenda Komanda, mwonyeshe karatasi.